Mwaka wa Printa ya Bi Riziki

Zuhura, binti wa Bi Riziki, alinipigia simu asubuhi nikiwa nakoroga uji, akasema mama ametangulia, wanamzika makaburini Nguvumali baada ya alasiri. Sauti yake ilikuwa tulivu, sauti ya muuguzi aliyezoea kuwapa watu habari mbaya, na mimi ndiye niliyeuacha uji ukaungua. Siku ya khitma nilikaa chumba cha ndani pamoja na wanawake, mkeka umejaa, pilau inanukia uani, nikawasikia wakisimuliana jinsi Bi Riziki alivyopofuka ghafla baada ya kuacha kazi, kana kwamba kukaa nyumbani ndiko kulikomzima macho. Mmoja akasema ni husuda za watu. Mwingine akasema ni sukari, iliwamaliza na wengine kwao. Mimi nilitafuna tende yangu. Nilifanya naye kazi chumba kimoja kwa mwaka mmoja wa ujana wangu, na nilijua kwamba hakupofuka ghafla wala hakupofukia nyumbani. Alipofuka taratibu, ofisini, mbele yetu wote, na kwa muda mrefu hakuna aliyeng'amua. Hata mimi nisingeng'amua kama nisingepewa kazi ya kuunganisha printa.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, nina cheti cha kompyuta kutoka darasa lililokuwa juu ya duka la vitenge, na woga wa kutosha watu watatu. Mimi ni mwoga wa asili. Naogopa mbwa, naogopa simu inayolia alfajiri, naogopa kuulizwa swali mbele ya watu, na uzee haujanisaidia chochote katika hilo. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyechukuliwa kwa majaribio na ofisi ya wakala wa kutoa mizigo bandarini, ghorofa ya juu ya jengo la kale lenye kuta nene za mawe na madirisha marefu yaliyoingiza chumvi na vumbi kwa pamoja. Bosi wetu, Bwana Mhina, alikuwa Mbondei mpole wa sauti, na upole ule ndio ulionitisha. Hakufoka hata siku moja. Nilisimuliwa kwamba karani aliyenitangulia aliachishwa kazi huku akimiminiwa chai, na kwamba pale ofisini mtu akiitwa na bosi kunywa chai, wenzake huanza kumsaidia kufungasha vitu vyake. Siku aliyoniita mimi alikuwa anamenya chungwa, ganda linashuka refu bila kukatika, akaniambia mwenye kampuni anakuja kutoka Dar es Salaam pamoja na fundi wake, na kwamba angependa wakute kila chumba kinachapisha kwenye printa moja kupitia mtandao. Akauliza kama nitaweza. Nikasema nitaweza. Sikuwahi kuunganisha hata kompyuta mbili. "Vizuri, Asha," akasema. "Hiyo ndiyo itakayotuonyesha kama tunabaki na wewe." Akanikatia kipande cha chungwa. Nilikila, na mpaka leo sijui kama kilikuwa kitamu au kichungu.

Printa yenyewe ilikaa chumbani kwa Bi Riziki, katibu muhtasi, ambako na mimi nilipewa meza ya pembeni. Alikuwa mama mnene kiasi, mweusi wa kupendeza, miwani mikubwa, buibui imening'inizwa nyuma ya mlango, na harufu ya udi iliyofika kabla yake. Alijifunza kuchapa enzi za taipureta na alichapa bila kuangalia vidole. Chumba kile kilikuwa na utaratibu wake. Ukitaka kuchapisha kitu ulibeba kazi yako kwenye diski, ukabisha hodi, ukamwamkia, ukakaa kwenye kiti kilicho kando ya kompyuta yake. Wewe ndiye uliyeifungua kazi, kwa sababu Bi Riziki hakugusa kipanya. Alisema hicho shikeni nyie watoto. Kisha akasema neno lake moja, "Nisomee." Ukasoma kwa sauti kila kilichoandikwa, jina la meli, aina ya mzigo, uzito, mpaka nukta ya mwisho, naye amefumba macho, vidole viko juu ya kibodi. Ukimeza neno alikusimamisha. "Rudia hapo. Mzigo umepokewa au utapokewa?" Makarani wenye wajukuu walitoka mle wakijifuta jasho. Ilisemwa ni maringo ya watu wa zamani, na kwa kuwa makosa hayakutoka nje ya mlango ule, Bwana Mhina aliyapenda maringo hayo. Mimi nilikuwa namwogopa kuliko bosi. Nilikula chakula changu nimempa mgongo ili asisikie ninavyotafuna.

Chai ya saa nne tulinywea roshani, mihogo ya kukaanga na chachandu ya embe, na aliyeongoza mazungumzo alikuwa Sefu, karani kijana kutoka Kigombe, mtu wa mizaha asiyejua kuongea chini. Bi Riziki hakuja roshani. Alinywea chai mezani kwake. Siku nilipoanza kutandaza waya niliwasikia kupitia dirishani, nikiwa nimepiga magoti chini ya meza ya Sefu mwenyewe, vumbi la ukuta limenijaa nywele. "Dada Asha akimaliza kazi yake, tumepona na mtihani wa kusoma," alisema Sefu. Mwenzake akamjibu kwamba basi na yule bibi kazi yake imekwisha, maana kazi yake ilikuwa printa. "Si atabaki na barua za bosi?" "Bosi atachapisha mwenyewe. Hujui maana ya mtandao weye?" Wakacheka, wakaendelea na mihogo. Sikucheka, lakini kusema kweli sikumwonea huruma pia. Nilikuwa nimekalia kuti kavu na nilikuwa nawaza waya wangu tu, maana kila kompyuta katika ofisi ile ilikuwa ya ukoo wake. Nyingine zilikuwa mpya, nyingine zimekuja na mizigo ya mitumba, na ile programu ya printa iliyokuwa kwenye santuri ya kompyuta iliingia katika hii ikakataa katika ile. Nilikuwa naingiza jina la kompyuta ya Bi Riziki, nangoja, na kioo kinanijibu kwamba printa haionekani. Nilikuwa naisoma sentensi ile hata ndotoni. Nilianza kuchelewa kuja kazini kwa sababu kila nilipofika mtaa wa bandari nilizunguka jengo mara mbili kabla ya kupanda ngazi, na nikafikiria kwa dhati kwenda kujificha kwa shangazi yangu kule Amani, msituni milimani, ambako hakuna mtu aliyehitaji kuchapisha kitu.

Kisha siku moja, baada ya chai, printa ikaonekana kwenye kompyuta ya Sefu. Nikatuma ukurasa mmoja wa majaribio, nikakimbia kwenda chumbani kwetu. Printa ilikuwa inatoa karatasi, na ilipotoa moja haikusimama. Ilitoa nyingine na nyingine, na kila karatasi ilikuwa na mistari ya alama zisizo na maana, nyota, mabano, herufi zilizochanganyika na vimraba. Nilijua papo hapo nilichofanya: nilikuwa nimeweka programu ya printa ya jina linalofanana na yetu, si ya yetu. Bi Riziki akanyoosha mkono, akachukua karatasi iliyotangulia, akaisogeza karibu na uso, akaigeuzia dirishani, akapitisha kiganja juu yake kama mtu anayenyoosha kanga. "Imetoka safi," akasema. "Wino umeshika vizuri. Hongera, mwanangu."

Nilidhani ananikejeli. Ilikuwa ndiyo mara yake ya kwanza kunisifu, na nilisimama pale nikingoja kicheko au karipio. Halikuja lolote. Alikuwa ameishikilia karatasi ile ya nyota na mabano, uso wake umetulia, anangoja nimshukuru. Ndipo yakanijia yote niliyokuwa nayaona kila siku bila kuyatilia maanani. Alimimina chai akiwa ametia ncha ya kidole ndani ya kikombe. Hakumwita mtu jina mpaka mtu huyo aseme kwanza. Nikihamisha kiti alinikaripia kwa ukali usiolingana na kiti. Hofu iliyonipata, mchana ule wa joto la Tanga, haikuwa ile ya kawaida yangu. Ilikuwa hofu ya mtu aliyefungua mlango wa chumba cha mwenziwe bila kubisha. Printa ikaendelea kutoa karatasi.

"Mbona umenyamaza?" akaniuliza.

"Hakuna kitu, Bi Riziki."

Akaiweka karatasi mezani taratibu. Akainuka, akaenda kufunga mlango, akarudi kukaa. "Nisomee," akasema.

"Haisomeki, Bi. Ni alama tupu."

Printa ikaishiwa karatasi. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena, na mimi nikajiuliza anaifutia nini. "Basi weye ndiye wa kwanza," akasema. "N'kwambie, mwanangu. Jicho la kulia lilikwenda zamani. La kushoto linaniachia mwanga na vivuli. Nilikwenda mpaka Moshi kwa daktari, nikawaaga hapa kwamba nina harusi. Akasema ni presha ya macho, na nuru iliyokwishakwenda hairudi."

"Na hapa hawajui?"

"Watajuaje, na wenyewe ndio wanaonisomea?" Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Zuhura yuko chuo cha uuguzi, anamaliza mwakani. Hana mwingine wa kumsomesha ila miye, na hata yeye hajui. Nataka afike hapo, basi. Akishafika, na wanitoe. Sasa weye ukiunganisha hizo waya zako, kila mtu akachapisha chumbani kwake, nani atakuja kukaa kwenye kiti hicho? Nitakaa hapa peke yangu, na watu watapata nafasi ya kunitazama. Wakinitazama sawasawa watajua."

Nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa ndogo, kwamba nisipoziunganisha nitamwaga unga mimi. "Najua," akasema. "Ndiyo maana sikukuomba."

Angeniomba ningemkatalia, nadhani, kwa woga tu. Lakini hakuniomba, na usiku na mchana maneno yale yalinikaa kifuani. Nilikuwa nimezoea kuogopa kwa ajili yangu. Kuogopa kwa ajili ya mtu mwingine kulikuwa kitu kipya, na kulikuwa kuzito zaidi, maana nafsi yangu niliweza kuidanganya kwamba yataisha salama. Kila mlango ulipofunguliwa nilimtazama yeye kabla ya kumtazama anayeingia. Nilianza kumsaidia bila kuambiwa: naita majina ya watu kwa sauti wanapofika, "Karibu Sefu, mbona umebeba mafaili yote hayo?", narudisha viti mahali pake, naweka kikombe upande uleule. Hatukulizungumzia tena jambo lile. Ila siku moja alinisogezea nusu ya mkate wake wa kumimina, akasema nimpe uso nikila, hapendi kula na mgongo.

Njia niliipata kwenye programu yenyewe. Nilipopata santuri sahihi na kila chumba kikaiona printa, niligundua kwamba foleni ya kazi ingeweza kusimamishwa kwenye kompyuta ya Bi Riziki. Mtu anatuma kutoka chumbani kwake, kazi inakuja, inakaa kwenye foleni, na haitoki mpaka dirisha la foleni lipewe ruhusa. Na ruhusa hiyo haikuhitaji kipanya. Ilihitaji vitufe vichache vya kibodi, mradi mimi niwe nimekwisha kulifungua dirisha hilo kwenye kioo cha kompyuta kila asubuhi, na kibodi Bi Riziki aliijua kuliko sura za watu. Nilimwonyesha kwa kumshika vidole. Akajaribu mara moja tu, akaweza. Makarani nikawaambia kwamba foleni imesimamishwa ili karatasi za vyumba zisichanganyike, kwa hiyo ukishatuma, njoo na rasimu yako, umsomee Bi, naye ataachilia. Sefu alilalamika kwamba sasa tumefanya mtandao wa kwenda kwa miguu. Lakini walikuja, wakakaa kwenye kiti, wakasoma. Bwana Mhina sikumwambia. Nilijiambia ni jambo dogo la kiufundi, na kila nilipojiambia hivyo mapigo ya moyo yaliniambia vingine.

Siku ya wageni umeme ulikatika asubuhi ukarudi. Kompyuta zote zilizimika, zikawashwa upya. Nilikuwa njiani kwenda kumfungulia upya Bi Riziki dirisha la foleni pale Bwana Mhina aliponiita kwenye ngazi, akanikabidhi kwa wageni, na sikuweza tena kuchomoka. Mwenye kampuni alikuwa mzee wa kanzu nyeupe na bakora, msikivu. Fundi wake alikuwa kijana aliyevaa tai na kutazama kila waya wangu kana kwamba umemtukana. Tulianzia chumba cha bosi. Bwana Mhina akatuma barua, akasema kwa fahari ndogo kwamba twende tukaione inavyotoka. Tukatembea ukumbini, mimi nyuma yao, miguu inataka kurudi. Kupitia mlango nilimwona Bi Riziki ametusikia, vidole vimekwenda kwenye vitufe vyake kama tulivyozoeana. Akabonyeza. Hakuna kilichotoka. Akabonyeza tena. Lilisikika feni tu.

Fundi akainama juu ya bega lake. "Bi mkubwa, unabonyeza nini? Hapo kwenye kioo hakuna kitu." Vidole vya Bi Riziki vikasimama. Fundi akachukua kipanya, akatafuta, akacheka puani. "Foleni imesimamishwa. Mzee, hii maana yake hakuna kinachotoka mpaka mtu aruhusu kwa mkono. Huu si mtandao. Aliyefanya hivi ama hajui kazi, ama amekusudia." Mwenye kampuni akamtazama Bwana Mhina, Bwana Mhina akanitazama mimi.

"Asha, ni wewe?"

Nilikuwa na uongo wangu wa karatasi kuchanganyika, umekaa tayari mdomoni, na nilijua fundi yule angeupasua mara moja, kisha angeuliza swali linalofuata, na linalofuata lingefika kwa Bi Riziki. Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nadhani haukuwa ujasiri, bali niliogopa kitu kimoja kuliko kingine. "Ni mimi," nikasema. "Sikujua. Bi Riziki hahusiki, nilimfundisha vibaya."

Bwana Mhina akatikisa kichwa kwa upole wake. "Haya. Wageni wakiondoka, njoo ofisini kwangu tunywe chai."

Nilisikia mtu ukumbini akivuta pumzi, nafikiri ni Sefu. Nilitazama sakafu. Nilianza kuwaza nitakavyoeleza nyumbani, nitapita njia gani nisionekane, na machozi yalikuwa yameanza kunilengalenga, pale Bi Riziki alipozungusha kiti chake. Hakugeukia nilipo mimi, aligeukia ilikotoka sauti ya bosi.

"Bwana Mhina, chai hiyo ni yangu," akasema. "Mtoto kaisimamisha kwa ajili yangu. Miye sioni. Sioni kioo, sioni karatasi, sikuoni weye. Kazi yake ameifanya sawa, mwambie huyo kijana airuhusu hiyo foleni, utaona."

Fundi, kwa aibu au kwa kutojua la kufanya, akabonyeza, na printa ikaamka, barua ya Bwana Mhina ikatoka, nyeusi na safi, ikalala pale bila mtu wa kuichukua. Yaliyofuata niliyajua wiki zilizokuja: kwamba mzee wa kanzu alisema mama yule asiondolewe, akahamishiwa kwenye simu ya mapokezi mpaka Zuhura alipomaliza chuo, ndipo akaaga mwenyewe, kwamba aliomba jambo lile lisitoke nje ya ofisi, na ofisi nzima, hata Sefu na mdomo wake, ikalificha, na kwamba mimi nilibaki. Lakini dakika ile hatukujua lolote kati ya hayo. Wageni waliondoka kwenda kutazama ghala, Bwana Mhina akawafuata bila kutuaga, na nikabaki naye chumbani, kila mlango wa ukumbi una mtu amesimama.

Adhana ya adhuhuri ikasikika. Bi Riziki akafunika kibodi, akainuka. Miaka yote ile alikuwa akienda kutawadha peke yake, mwendo wa haraka, kichwa juu, na mimi nilikuwa nimekwishakujua kwamba alikuwa akihesabu hatua. Safari hii alisimama tu kando ya meza.

"Nishike mkono, mwanangu," akasema. "Wameshajua."

Nikamshika. Tukatoka ukumbini, watu wakatupisha, hakuna aliyetuamkia. Nilimtajia kila kizingiti kabla hatujakifikia.

"Weye waogopa?" akaniuliza chini chini.

"Naogopa, Bi."

"Hata miye," akasema. "Twende polepole."